Megafoni ya Durban na amplifaya ya sebuleni

Kati ya mwaka 1940 na 1945, Perla Siedle Gibson, mwimbaji wa soprano aliyevaa mavazi meupe, alisimama gatini katika bandari ya Durban akiwaimbia askari waliosheheni melini. Alitumia megafoni, kifaa kisicho na betri wala waya. Pembe ya namna hiyo haizalishi nishati: huiwezesha sauti ya kinywa kuingia hewani kwa urahisi zaidi na kuielekeza upande mmoja isitawanyike. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6, hivyo mwenye nguvu kidogo hana budi kuzilinda alizo nazo. Anayeanza kununua vifaa vya kusikilizia muziki nyumbani afuate mpango huohuo: atazame kwanza nguvu inapotelea wapi, na amplifaya aifikirie mwisho.

Hedifoni imekwisha kuuondoa umbali. Spika yake hukaa karibu kabisa na tundu la sikio, ndiyo maana hutosheka na miliwati. Chukua hedifoni inayotoa desibeli 97 kwa miliwati 1. Ili vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango ambacho wasikilizaji wengi hawakihitaji kamwe, zinatosha miliwati 20. Ikiwa ukinzani wake ni omu 32, hizo hupatikana kwa volti 0.8, ikiwa ni omu 300, zinatakiwa karibu volti 2.5. Adapta ndogo za kuunganisha hedifoni na simu, zile nzuri, hutoa kama volti 1. Kwa hiyo mwenye hedifoni ya omu 32 hana haja ya amplifaya, na mwenye ya omu 300 anayo haja hiyo akipenda sauti kubwa. Hesabu hii hufanywa kwa namba zilizoandikwa kwenye boksi, kabla ya kutoa hata senti.

Wapo watakaosema amplifaya nzuri huboresha muziki hata sauti ikiwa ya chini. Kuna ukweli hapo: ukinzani wa tundu la kutolea sauti ukizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa hedifoni, besi ya baadhi ya hedifoni huvurugika. Lakini kasoro hiyo ikishaondoka, mengi yanayosifiwa dukani hutokana na kifaa kimoja kupigwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko kingine, na sikio hupendelea chenye sauti kubwa. Visawazishwe kwa kipimo kwanza, ndipo vilinganishwe.

Mwingine atapinga mfano wenyewe: megafoni huikata besi na kuifanya sauti iwe ya puani. Ni kweli, na pingamizi hilo linaitilia nguvu hoja yangu. Kinachogusana na hewa ndicho huacha alama kubwa kuliko vyote. Hedifoni mbili zaweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa katika besi au sauti kali, ilhali amplifaya mbili zilizoundwa vizuri hutofautiana kwa sehemu ndogo ya desibeli. Fedha ziende kwenye hedifoni.

Na nyumba yenye kelele, ya barabara au ya majirani, inataka hedifoni iliyofungwa nyuma. Ya wazi, hata iwe tamu vipi, itamlazimisha msikilizaji kupandisha sauti. Na kupandisha sauti kunapunguza muda salama wa kusikiliza: Shirika la Afya Duniani linaruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4.