Kuanguka Baada ya Ushuhuda: Kuisikiliza The Heist kwa Masikio ya Kanisa

Kijana mmoja wa kwaya yetu aliwahi kusimama mbele ya usharika na kushuhudia jinsi alivyoacha gongo na bangi. Akina mama walipiga vigelegele, mama yake mzazi alilia, na mchungaji alimwekea mikono akamwombea. Baada ya miezi kama saba hatukumwona tena mazoezini. Jioni moja nilimkuta kwenye kituo cha daladala. Alijaribu kunikwepa, lakini nikamwahi. Nilipomsihi arudi, alinijibu hivi: "Mwalimu, nitarudi niseme nini? Ushuhuda nilishautoa."

Sikuwa na jibu. Nilimpa nauli, daladala yangu ikaja, nikaondoka. Swali lake ndilo lililonifanya, muda mrefu baadaye, niketi kuisikiliza kwa makini albamu ambayo vijana wa kwaya waliifahamu kabla yangu: The Heist, ya Macklemore na Ryan Lewis, vijana wawili wa Seattle, Marekani.

Albamu hiyo ilitoka tarehe 9 Oktoba 2012. Macklemore, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ben Haggerty, ndiye anayeghani. Ryan Lewis ndiye mtayarishaji wa midundo. Jina la albamu maana yake ni wizi mkubwa uliopangwa kwa makini, na linafaa kwa sababu waliitoa kazi yao bila kusainiwa na kampuni kubwa ya muziki, kana kwamba wameingia kwa dirishani na kutoka na hazina. Januari 2014 ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap. Wengi wanaikumbuka kwa wimbo "Thrift Shop", wenye utani mwingi juu ya kununua nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Sisi tuliolelewa na mitumba hatuhitaji kufafanuliwa wimbo huo: alichokitupa mmoja, mwingine anakivaa kwa fahari. Ukiusikiliza huo, ukaongeza "Can't Hold Us" wenye shangwe ya ushindi, utadhani hii ni albamu ya mtu aliyekwisha kushinda.

Niseme mapema kwamba kitabu hiki cha nyimbo si cha Shule ya Jumapili. Kina lugha chafu ambayo singependa mwanangu aikariri. Wimbo "Same Love" unatetea ndoa za watu wa jinsia moja na kuyalaumu makanisa kwa maneno makali. Jambo hilo linahitaji insha yake lenyewe, na sitaligusa kwa mkono wa haraka hapa. Ninachotaka kukitazama ni kitu kingine, ambacho nadhani ndicho moyo wa albamu: namna inavyosema juu ya uraibu, juu ya kukata tamaa, na juu ya kuanza upya.

Tuanze na "Wing$". Katika wimbo huu hakuna chupa wala kidonge. Kuna mtoto anayetamani viatu vya mpira wa kikapu kwa sababu anaamini vitampa mabawa. Anavipata, anapanda juu kidogo machoni pa wenzake, kisha anagundua kwamba viatu hivyo vinamtawala. Kwaya ya watoto inaitikia, na sauti zao ndogo ndizo zinazotia uchungu. Msanii anatuonyesha kwamba mlango wa uraibu hufunguliwa mapema kuliko tunavyofikiri. Kabla mtu hajatamani pombe alitamani kuwa mtu. Mahubiri yetu mengi juu ya ulevi huanzia kwenye chupa, na kwa hiyo huanza yakiwa yamekwisha kuchelewa.

Kisha, wimbo wa saba kati ya kumi na tano, kunakuja "Neon Cathedral", yaani kanisa kuu la taa za neoni. Hilo kanisa ni baa. Macklemore anaielezea baa kwa lugha ya ibada: kuna mahali pa kuungama, kuna kikombe, kuna mtu wa nyuma ya kaunta anayekusikiliza bila kukuhukumu. Kiitikio kinaimbwa na Allen Stone, mwimbaji ambaye baba yake alikuwa mhubiri na ambaye alianza kuimba kanisani tangu utotoni. Ukilijua hilo, sauti yake inasikika tofauti. Anayeimba juu ya kanisa la uongo ni mtoto aliyelelewa ndani ya kanisa la kweli, na hachezei lugha hiyo kama mgeni.

Mtu wa kanisa anaweza kuusikia wimbo huu kama dhihaka. Mimi niliusikia kama shitaka, na shitaka lenyewe ni letu. Kwa nini mtu aende kuungama baa? Kwa sababu baa haimuulizi kwa nini amerudi. Jana ulikuwepo, leo upo, kesho utakaribishwa. Ukarimu huo ni wa uongo, maana kila anayeingia anatoka na njaa kubwa zaidi, na wimbo haufichi jambo hilo: mwimbaji yuko peke yake katikati ya watu, na taa zile hazimpi joto. Hata hivyo ni ukarimu unaojua kumpokea mtu aliyerudi. Kijana wangu wa kituo cha daladala alijua mahali ambapo hatahitaji kueleza kitu.

Sasa tufike kwenye wimbo ulionifanya nishike kalamu. Ili kuuelewa "Starting Over" ni lazima kwanza kuujua "Otherside", wimbo wa mwaka 2009 ambao haumo katika albamu hii. Haggerty aliingia kituo cha tiba ya uraibu mwaka 2008. Alipotoka, yeye na Lewis walitoa "Otherside", wimbo wa kuonya juu ya dawa ya kikohozi yenye kodeini ambayo vijana huichanganya na soda na kuinywa ili walewe. Aliwakumbusha marapa wenzake kwamba watoto wanawasikiliza na kuwaiga. Kwa lugha yetu, "Otherside" ulikuwa ushuhuda wake. Ulisikilizwa, ukawagusa watu, na wako walioacha kwa sababu ya wimbo huo.

Halafu, baada ya miaka mitatu hivi ya kukaa safi, alianguka. Na kilichomwangusha ni dawa ileile aliyoionya dunia.

"Starting Over" ni wimbo wa nne kutoka... hapana, ni wa pili kutoka mwisho, na naona ni vyema mtu asiufikie haraka, maana unavunja sura yote ya ushindi iliyotangulia. Muziki wake umetulia. Ben Bridwell wa bendi ya Band of Horses anaimba kiitikio kwa sauti ya mtu aliyechoka. Macklemore anaeleza aibu ya kumwambia baba yake na mpenzi wake kwamba amerudia. Kisha anaingia kwenye mkutano wa watu wanaojitahidi kuacha. Dada mmoja anamtambua. Anamshukuru kwa machozi: "Otherside" ndio uliomsaidia kuacha, na sasa ana miezi tisa. Mwanamume anaangalia chini na kusema asante.

Msomaji, kaa kidogo na tukio hilo. Mwanafunzi ana miezi tisa, mwalimu ana siku chache tu. Yule anayeshukuru ametangulia mbele ya yule anayeshukuriwa, na yeye hajui. Kwangu mimi hakuna mahali pengine katika albamu palipoandikwa kwa uaminifu kama hapa. Msanii mwoga angemfanya dada yule amtie moyo, au angekata ubeti kabla ya aibu kufika. Macklemore anaiacha aibu ikae. Na bado hasemi kwamba "Otherside" ulikuwa uongo. Ushuhuda ulikuwa wa kweli ulipotolewa, na ulimwokoa mtu. Kuanguka kwa aliyeutoa hakukurudisha nyuma miezi tisa ya dada yule. Mwisho wa wimbo anaamua kwamba, kama aliweza kuonyesha njia ya kuacha, basi anaweza pia kuonyesha njia ya kurudi mwanzo.

Hapa ndipo nilipolipata jibu ambalo sikuwa nalo kituoni. Ushuhuda wetu una maneno mawili: zamani na sasa. Zamani nilikuwa mlevi, sasa nimeokoka. Neno la tatu, "tena", hatukulipa nafasi. Anayeanguka tena anaona kwamba amewatia aibu wote waliopiga vigelegele, kwa hiyo anaona heri asionekane.

Lakini Maandiko yanalo neno hilo. Mkumbuke Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya watu wote. Ushuhuda mkubwa kuliko huo utaupata wapi? Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Kukata tamaa kwake kulikuja baada ya ushuhuda. Na Mungu hakumtumia mtu wa kumuuliza imekuwaje shujaa wa Karmeli amelala hapa. Alimtumia malaika mwenye mkate na maji. Eliya akala, akanywa, kisha akalala tena. Nasi tungesema: basi, tumekwisha kumsaidia huyu, hasaidiki. Malaika akarudi mara ya pili na kumgusa, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Nimelisoma somo hilo mara nyingi kwenye ibada. Ile mara ya pili sikuwahi kuiona mpaka rapa wa Seattle aliponifundisha kuitafuta.

Vikundi kama kile kinachotajwa kwenye wimbo vina asili inayotuhusu. Alcoholics Anonymous ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, na waanzilishi wake wawili, Bill Wilson na Dk. Bob Smith, walikuwa wamepita katika vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group, ambako walijifunza kuungamiana. Hadi leo vikundi vingi vya namna hiyo hukutana kwenye kumbi za makanisa. Nimewaza sana juu ya jambo hilo. Jumatano, katika ukumbi wa chini, mtu anasema ameanguka tena na anapewa kiti. Jumapili, katika jengo lilelile, hakuna anayethubutu.

Albamu hii ina udhaifu wake. Baada ya "Starting Over" unakuja wimbo wa mwisho, "Cowboy Boots", unaokumbuka kwa mapenzi usiku wa ujana na baa zake. Ni wimbo mzuri, ila mahali pake pamenisumbua. Ni kama mtu aliyetoka kuungama akaanza kusimulia utamu wa dhambi. Huenda ndivyo mraibu alivyo, na kumbukumbu hazitii amri. Lakini msikilizaji aliyeko vitani angehitaji kimya mahali hapo.

Liko pia jambo lililotokea nje ya albamu. Usiku aliposhinda Grammy, Macklemore alimwandikia ujumbe Kendrick Lamar akikiri kwamba yeye ndiye aliyestahili tuzo ile ya rap. Kisha akauweka ujumbe huo hadharani ili watu wausome. Wengi walimlaumu, nami naona walikuwa na hoja. Ungamo lililoletwa mbele ya umati linaweza kugeuka kuwa pambo la anayeungama. Sisi wa kanisani tusimcheke, maana kipaza sauti cha madhabahuni kinajua kufanya kazi hiyohiyo. Ushuhuda unaopigiwa vigelegele huanza kutafuta vigelegele. Ndiyo maana "Starting Over" una thamani: hakuna anayeweza kuucheza kwa majivuno.

Baadaye Haggerty alisema waziwazi kwamba katika kipindi cha korona alianguka tena. Alisema pia kwamba kama baba yake asingekuwa na fedha za kumlipia tiba ile ya kwanza, angekuwa amekufa. Ukiipima albamu kwa kuuliza kama ilimponya mwenyewe, utasema imeshindwa. Mimi napima kwa kipimo kingine. Mtu aliyekwisha kuimba kwamba inawezekana kuanza upya alijua mlango uko wapi alipouhitaji, na alikuwa na baba aliyekuwa amelipa gharama bila kudai kwamba iwe mara moja tu.

Siku hizi, ninapoongoza kipindi cha ushuhuda, nikishauliza nani ana la kumshukuru Mungu, nauliza pia kama yuko anayeanza upya. Mara nyingi hakuna anayesimama. Mara moja mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alisimama, akasema "Mimi," akaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Jirani yake alimshika mkono.

Kijana yule bado sijamwona. Kwa mama yake nimeacha ujumbe kwamba akirudi hatadaiwa ushuhuda wowote. Nafasi yake kwenye sauti ya tatu ipo, na mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni.