Udongo Ungali Maji

Wahenga walituusia kuuwahi udongo ungali maji. Nikiisoma Sera ya Elimu na Mafunzo nikiwa hapa Ivuna, naona usemi huo tumeuhifadhi vizuri kuliko tulivyoutekeleza.

Tuipe Serikali haki yake kwanza. Sera ya 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya mfumo wetu. Ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa. Hayo si madogo. Mtoto wa mvuvi wa Ziwa Rukwa au wa mchemsha chumvi wa Ivuna ana haki ya kukaa darasani sawa na wa Dodoma.

Kasoro naiona katika mpango wa fikra. Kwa usomaji wangu, mtoto wa awali anazungumziwa mahali pake, na mwenye mahitaji maalumu mahali pake. Mtoto wa miaka 4 asiyesikia, ambaye ni wote wawili kwa pamoja, anabaki katikati.

Naye ndiye asiyeweza kungoja. Lugha hujengeka katika miaka ya mwanzo. Asiyesikia huhitaji lugha ya alama mapema, kama mwenzake anavyohitaji sauti ya mama. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanzishwa 1963, imewafungulia wengi njia. Hata hivyo, kumpeleka mtoto mdogo bwenini, mbali na wazazi, si kumwahi. Msaada wa mapema humfuata mtoto alipo.

Nani basi atamtambua? Kliniki hutanguliza mizani na chanjo. Mwalimu wa awali, ambaye kwa kigezo cha Serikali angekuwa na watoto 25, mara nyingi ana darasa kubwa zaidi. Katika msongamano huo asiyesikia huitwa mkaidi, na mwenye uoni hafifu huitwa mzembe.

Utaratibu wa walimu wa kuzunguka shuleni si mgeni nchini. Umetumika kwa wanafunzi wasioona. Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Ninachodai ni kwamba mzunguko huo uanzie darasa la awali, ufike hadi kata za pembezoni, na ulipiwe na fedha za umma. Bila hivyo, neno "lazima" linambana mzazi peke yake, ilhali Serikali iliyoliandika haijajibana.