Adabu ya Wembe

Katika kazi zote ambazo kwazo mwanadamu humkabidhi mwenzake mwili wake, sidhani kama iko iliyo karibu zaidi na hatari, na ikachukuliwa kwa wepesi zaidi, kuliko kunyoa. Maana mtu mzima mwenye akili timamu huketi kitini, akainua kidevu, akafumba macho, akauacha mshipa wa shingo yake wazi mbele ya chuma kikali kilichomo mkononi mwa mtu ambaye pengine hamjui hata jina. Amana hiyo ni kubwa. Twawasifu waunda majahazi, wachonga milango ya Lamu na Unguja na washona kofia za viua, nao wanastahiki sifa zao. Lakini kinyozi huachwa nje ya hesabu kwa kuwa kazi yake haidumu, ndevu huota tena, na ushahidi wa ustadi wake hutoweka kwa siku chache. Mimi naona ushahidi upo, ila tunautafuta wakati usio wake. Watu humpima kinyozi kwa kupitisha kiganja shavuni mara tu amalizapo, wakaona laini, wakamsifu. Kipimo cha haki ni siku ya tatu, ngozi inapokuwa imekwisha kutoa shahada yake.

Nilipata kumtazama kwa makini kinyozi mmoja mzee katika Mji wa Kale wa Mombasa, fundi wa wembe wa kukunja, na lililonishangaza kwanza ni kwamba wembe wenyewe hakuushika ila baada ya kitambo kirefu. Alianza kwa migongo ya vidole vyake, akaipitisha juu ya shavu la mteja, akashuka tayani, akapita chini ya kidevu, akarudi juu, akitafuta ndevu zimelalia wapi. Kwa kuwa ndevu za shavuni aghlabu huelekea chini, za chini ya taya huenda upande, na zile zinazokizunguka kikoromeo hazina utii kwa upande wowote, na mashavu mawili ya mtu mmoja hayalingani, seuze watu wawili. Kisha akachovya taulo dogo katika maji ya moto, akalikamua, akazifunika nalo ndevu, akaliacha hapo; na wakati huo ndipo alipoutwaa wembe, akawa anaupitisha juu ya ukanda wa ngozi, kwenda na kurudi, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata.

Wahenga waliosema mwenzio akinyolewa zako tia maji walikusudia hadhari ya mambo makubwa ya dunia, na kila mtoto wa pwani hufahamishwa hivyo. Lakini usemi huo wasingeweza kuutunga lau hawakuijua kazi ilivyo, kwamba maji hutangulia, na hutangulia kwa muda, si kwa kunyunyiza. Unywele mkavu ni mgumu, na wembe ukikutana nao huuvuta kabla ya kuukata, na ngozi huvutwa pamoja nao. Bali unywele uliokunywa maji ya moto kwa dakika mbili tatu hufura, ukalainika, ukakatika kwa nguvu ndogo sana. Povu nalo watu hulidhani pambo. Kazi yake ni kuyazuia yale maji yasikauke na kuupa wembe mahali pa kuteleza, ndiyo maana yule mzee alilipiga kwa brashi mpaka likawa zito, akalizungusha ndevuni ili zisimame, na kila lilipoanza kukauka akapaka upya. Sabuni ya mche, ambayo wengi wetu tumejinyolea kwa kukosa nyingine, povu lake ni jepesi na ukali wake huiondolea ngozi mafuta. Heri iachiwe nguo.

Wembe aliulaza, yapata nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, wala hakuukandamiza, kwani uzito wake wenyewe ulitosha. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kiliituliza ngozi bila ya kuivuta sana, mkato ulikuwa mfupi, ukifuata mlalo wa ndevu, na kila baada ya mikato miwili mitatu aliyafuta makali kitambaani. Wembe mkali hautaki nguvu. Ni ule butu utakao nguvu, na mlipaji wa nguvu hiyo ni ngozi. Kwa sababu wembe upitapo haukati nywele peke yake, bali hukwangua na utando wa juu kabisa wa ngozi, na ukipita mara nne mahali pamoja utando huo huwa umekwisha, na kilichobaki huwaka.

Alipofika shingoni alipita mara moja, akafuta, akaufunga wembe. Mteja, kijana wa makamo ya kuoa, akajipapasa akakuta pakikwaruza kidogo, akasema, “Mzee, nirudilie hapa, uchukue za kinyume.” Yule mzee akatikisa kichwa. “Hapo basi, mwanangu. Nikizifuata hizo mpaka chini, kesho kutwa zitakurudia.”

Neno lile lina elimu nzima ndani yake. Unywele wetu Waafrika aghlabu umejikunja tangu shinani, na ukikatwa kwa wembe huachwa na ncha kali iliyokwenda mshazari. Ncha hiyo ikianza kuota hurudi kwa ile tabia yake ya kujipinda, ikaidunga ngozi kutoka nje kama ndoana. Na ikiwa ngozi ilivutwa sana wakati wa kunyoa, au wembe ulirudishwa kinyume cha mlalo, unywele hukatika chini ya uso wa ngozi, ukajiondokea ndani, na utakapo kutoka hutoboa ubavuni badala ya kupita mlango wake. Mwili huupokea kama unavyoupokea mwiba: hapo huvimba kipele, hapo huwasha, pengine pakafanya usaha, na pakipona huacha weusi, na kwa baadhi ya watu makovu manene yasiyoondoka. Wengi husema ni damu chafu, wakanywa dawa za kusafisha damu, nao damu yao haina neno. Kilichokosekana ni mkono unaojua kuacha.

Walisema pia wahenga kwamba kinyozi hajinyoi, lakini zama zetu zimemfanya kila mwanamume kuwa kinyozi wa nafsi yake. King Camp Gillette, Mmarekani aliyebuni wembe mwembamba wa kutupwa, katika mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza wa biashara, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata alipata hataza ya serikali, na baada ya hapo chombo chake kikaenea ulimwenguni. Nakiri kheri ya chombo hicho, kwa kuwa kiliwaepusha wengi na mikato mibaya; walakini kiliuza chuma pasina kuuza mafunzo. Mwaka 1971 kampuni hiyo hiyo ikatoa wembe wa makali mawili, la kwanza liuinue unywele na la pili liukate chini zaidi, na tangu hapo makali yameongezwa, na sifa inayotangazwa ni moja, nayo ni ukaribu. Ukaribu huo, kwa mwenye nywele za kujikunja, ndio maradhi yenyewe. Huko huko Marekani ilifikia watu kwenda kortini, na mwaka 1993 mahakama moja ya rufani iliamua kwamba amri ya mwajiri ya kuwataka wafanyakazi wote wanyoe ndevu, bila ya kumwachia nafasi asiyeweza kunyoa kwa ajili ya vipele hivi, iliwadhulumu wanaume weusi.

Yule mzee alimaliza kwa maji baridi, kisha akapitisha kipande cha shabu kilicholowana, ambacho huibana ngozi na kuzuia damu ya mikato midogo. Siku hizi wengi humwagia spiriti, na mteja akiruka kwa uchungu huambiwa dawa imeingia. Spiriti ni ya kusafishia vyombo. Uso uliotoka kunyolewa huukausha na kuuchoma, na hauna haja yake. Kwenye wembe, huko usafi hauna mjadala: homa ya ini na UKIMWI hupita katika damu iliyosalia kwenye makali, na kinyozi asiyefungua wembe mpya, au asiyeutakasa ule wa kukunja, mbele ya macho yako, ondoka kitini pake hata kama mkono wake ni mwepesi.

Nawe msomaji, ikiwa vipele vimekwisha kukutoka, usiende kutafuta wembe mkali zaidi. Weka wembe chini kwa muda wa mwezi, uzipunguze ndevu kwa makasi zibaki fupi za kuonekana, usizing'oe kwa kibano wala usiviminye vipele, na ukanda uso kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni. Nyingi katika zile zilizozama zitajinasua zenyewe. Na zikikataa, au pakafanya usaha, nenda kwa tabibu.