Mto Mtupu wa Bilioni Saba

Ukisimama kwenye Daraja la Magufuli wakati wa masika, pale Mto Kilombero unapoitenga Ifakara na barabara ya kwenda Mahenge, unachokiona ni mistari tu: majani, maji, majani tena, kisha mbingu ya kijivu. Watu wanapita na bodaboda, wanapita na magunia ya mpunga, na sijamwona anayesimama kushangaa.

Mwaka 1999 Mjerumani Andreas Gursky alitengeneza picha ya mistari kama hiyo, ila mto wake ni Rhine, karibu na Düsseldorf. Aliiita Rhein II. Novemba 2011, kwenye mnada wa Christie's mjini New York, nakala yake moja iliuzwa dola milioni 4.3, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 za wakati ule. Hakuna picha iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani mpaka Mei 2022, Le Violon d'Ingres ya Man Ray ilipouzwa dola milioni 12.4.

Wengi wakisikia hivyo husema, "Hata mimi ningeipiga." Wengine husema matajiri wamechoka na hela zao. Kauli zote mbili zinachekesha, lakini hazielezi kitu.

Tuanze na picha yenyewe. Ni kubwa, ina upana wa zaidi ya mita 3, na ukiikazia macho utagundua hakuna mtu hata mmoja. Gursky alitumia kompyuta kuwafuta wapita njia na mbwa wao, pamoja na majengo ya kiwanda ng'ambo ya mto. Alifanya kile afanyacho mwandishi mzuri kwenye mswada wake: kukata mpaka kibaki kile tu asichoweza kukiacha. Mimi naipenda. Lakini uzuri peke yake haufikishi kitu bilioni 7. Ungefikisha, mashairi mengi ya Pwani yangekuwa yamenunua majumba.

Tatizo la picha ni kwamba inasafishwa tena na tena. Ukiwa na negativu, au faili siku hizi, utatoa nakala elfu. Soko la sanaa haliwezi kuishi na jambo hilo, kwa hiyo linatengeneza uhaba kwa makusudi. Rhein II ilitolewa nakala 6 tu. Kadhaa zimo kwenye makumbusho makubwa, MoMA ya New York na Tate ya London zikiwemo, na makumbusho ya namna hiyo hayauzi ovyo. Aliyenunua ile ya 2011 alinunua karatasi, ndiyo, lakini zaidi alinunua ahadi kwamba ya saba haitatolewa. Ahadi hiyo ikivunjwa, bei inaanguka kesho yake.

Peter Beard, Mmarekani aliyeishi Kenya miaka mingi, alipita njia nyingine. Picha yake ya watoto yatima wa duma, ya mwaka 1968, aliijaza maandishi ya mkono na michoro. Picha zake nyingine alizipaka hata damu. Hapo kila nakala inakuwa ya peke yake, kama mswada wenye mwandiko wa mtunzi. Mwaka 2012 nakala moja ya duma hao iliuzwa zaidi ya dola 600,000.

Jambo la pili ni jina. Mwaka 1991 picha za studio kutoka Mali zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Mkusanyaji mmoja, Jean Pigozzi, akazipenda, akamtuma mtu Bamako kumtafuta mwenyewe. Ndipo dunia ikamjua Seydou Keïta. Picha zilikuwa zilezile, sura zilezile, mashuka yaleyale ya nyuma. Kilichoongezeka ni jina na habari zake, na bei ikapanda pamoja navyo.

Sasa turudi Ifakara. Kwenye sebule nyingi nilizokaribishwa pale kuna picha ukutani: babu na kanzu yake, bibi kwenye kiti cha studio, kijana aliyesimama wima kama yuko gwaride. Mara nyingi ni nakala moja tu duniani. Negativu ilitupwa, studio imefungwa, na aliyepiga hajulikani. Mchwa wanakula fremu, na Mto Lumemo ukifurika maji yanaingia mpaka ndani. Uhaba wa Gursky ni wa makubaliano. Huu wa Ifakara ni wa kweli, na hakuna dalali atakayeugusa.

Hapo ndipo ninapogombana na soko, na ugomvi wangu hauhusu bilioni 7. Mwenye hela anunue anachotaka. Ninachokataa ni sisi kuigeuza bei kuwa uhakiki, tukaamini kwamba kisichopigiwa mnada hakina thamani, kisha tukakiachia mchwa. Sisi wasomaji tungepaswa kulijua hili mapema. Riwaya kali na riwaya mbovu zinakaa rafu moja kwa bei ileile, na hakuna anayeuliza bei ili ajue ipi ni ipi. Tunazisoma.

Basi tuzisome na picha. Chukua ile iliyoko ukutani kwenu, igeuze, andika kwa kalamu ya risasi: huyu ni nani, ni wapi, mwaka gani, nani alipiga. Piga nakala kwa simu, uwatumie ndugu. Haitakupa hata senti. Ila bibi akiwa na jina, mjukuu atakayezaliwa baada yetu hatasimama mbele yake akiuliza huyu mama ni nani, na asipate wa kumjibu.