Nyumba Isiyo na Ukuta: Kanuni za Afya Zilivyoingia Vijiji vya Samoa

Bwana afya wa kwetu, akitaka kukagua nyumba, hupiga hodi kwanza. Anasubiri, anakaribishwa, macho yanazoea giza la ndani, ndipo anaona kama mtungi uko wazi au godoro limeloa. Mkaguzi wa Samoa katika miaka ya 1920 hakuwa na shida hiyo. Fale, nyumba ya asili ya Wasamoa, haina ukuta. Ni paa kubwa la mviringo lililoezekwa kwa majani ya miwa, limebebwa na nguzo juu ya jukwaa la mawe, na sakafu yake ni kokoto zilizotandikwa mikeka. Boriti zimefungwa kwa kamba ya makumbi. Mvua ikija, huteremshwa pola, yaani mapazia ya makuti yaliyosukwa. Ikikatika hupandishwa, na kila aliyemo ndani anaonekana toka uwanjani.

Naanza na jengo kwa sababu wengi wetu tukisikia kanuni za nyumba za wakoloni, tunaona picha ya vibanda vikibomolewa na watu wakiamriwa wajenge kwa matofali. Samoa ya Magharibi haikuwa hivyo, na sababu yake ni ya kiufundi tu. Daktari wa enzi hizo alifundishwa kuogopa vyumba vilivyobanana na hewa iliyotuama. Mbele ya fale hakuwa na la kusema: nyumba ile ilipitisha hewa kuliko wodi yake mwenyewe. Maradhi yalikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vichaka vilivyotumika kama choo, kwenye nguruwe waliozurura, na kwenye malundo ya vifuu na magogo ya minazi yaliyooza. Kwa hiyo kanuni nyingi ziliiacha nyumba zikaenda uani.

Ukaguzi wenyewe haukuanza na afya. Ulianza na nazi. Gavana wa kwanza wa Kijerumani, Wilhelm Solf, aliyetawala kuanzia 1900 hadi 1911, si mgeni kabisa kwetu: mwaka 1898 alikuwa hakimu wa wilaya Dar es Salaam kabla ya kupelekwa Apia, mji mkuu wa Samoa ya Magharibi. Huko alijifunza Kisamoa, akawaacha wakuu wa koo, matai, na sehemu kubwa ya mamlaka yao, lakini akawaamuru wapande minazi 50 kila mwaka. Kila kijiji kilikuwa na pulenu'u, mtu wa serikali aliyehakikisha amri imetekelezwa. Kisha karibu na 1909 akaingia mdudu, inaaminika pamoja na miche ya mpira iliyotoka Ceylon. Alikuwa ndugu wa chonga wa pwani yetu, yule mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Funza wake hulelewa ndani ya magogo yaliyooza na malundo ya takataka. Basi wanakijiji wakalazimishwa kutoka kila wiki kumsaka, kupasua magogo na kufukua malundo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kijiji kilipozoea jambo ambalo madaktari walilikuta tayari baadaye: siku maalumu ya kusafisha, mtu wa kukagua, na faini kwa mzembe.

Agosti 1914 New Zealand ikavichukua visiwa hivyo vya Wajerumani bila kupigana. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Novemba 1918, meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia ikitoka Auckland, ikiwa na abiria wagonjwa wa homa ya mafua, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Walikufa watu wapatao 8,500, karibu mmoja katika kila watano. Upande wa mashariki, kwenye Samoa iliyokuwa chini ya jeshi la majini la Marekani, Gavana John Poyer alifunga bandari, na Wasamoa wenyewe wakalinda fukwe zao wasishuke watu kwa mitumbwi. Hakufa hata mmoja. Kila kanuni ya usafi iliyotolewa Apia katika miaka iliyofuata ilisomwa na watu waliokuwa wamezika ndugu zao kwenye makaburi ya pamoja, kwa kosa la serikali hiyohiyo iliyokuwa sasa inawafundisha kufagia.

Tuje kwenye choo, maana hapo ndipo pana ufundi wa kuangaliwa.

Adui mkubwa alikuwa minyoo ya safura. Daktari Sylvester Lambert wa taasisi ya Rockefeller alizunguka visiwa vya Pasifiki kuwachunguza watu na kuwanywesha dawa, na mwaka 1924 alikuwa Samoa. Dawa ilifukuza minyoo, lakini isingemzuia mtu kuambukizwa tena kesho yake. Yai la safura likitoka na kinyesi linahitaji udongo wenye joto, unyevu na kivuli. Linaangua, na kiluwiluwi kinangoja mguu mtupu kipenye ngozi. Sasa fikiria shamba la migomba na magimbi nyuma ya nyumba, mvua kila wiki, na watu wote peku. Ukitaka kuukata mnyororo huo, inatosha kinyesi kisiguse udongo.

Jibu la kawaida ni choo cha shimo. Lakini Samoa ni visiwa vya volkano, na mahali pengi, hasa kisiwa cha Savai'i, chini ya udongo kidogo unakutana na mwamba wa zaha. Kwa upande mwingine vijiji vingi vimejipanga ufukweni. Ndipo serikali za pande zote mbili, ya New Zealand kule Apia na ya Wamarekani kule Pago Pago, zikasisitiza choo cha baharini: kibanda kidogo juu ya nguzo ndani ya maji, na daraja jembamba la magogo kutoka nchi kavu. Hakina shimo la kujaa wala harufu ya kukaa, na kinajengwa kwa vifaa vilivyopo. Kwa safura ni dawa kamili, kwa sababu yai likianguka kwenye maji ya chumvi limekwisha.

Ugumu uko kwenye vipimo. Maji ya Samoa hupanda na kushuka kama mita moja tu. Kibanda kikijengwa karibu mno, maji yakipwa siku za bamvua kinabaki juu ya mchanga mkavu, na nguruwe wanajua saa hiyo vizuri kuliko mkaguzi. Kikijengwa mbali, mtoto na bibi kizee hawafiki usiku, na kimbunga cha kwanza kinakibeba. Halafu vibanda vyenyewe viko ndani ya wangwa uliozungukwa na mwamba wa matumbawe, ambako maji hayabadiliki upesi, hasa siku za maji mafu, na ndiko wanawake wanakookota kombe na pweza. Vijidudu vya homa ya matumbo havihitaji udongo kama safura. Choo kile kiliondoa ugonjwa mmoja shambani na kuacha mlango wazi kwa mwingine mezani. Hata hivyo nisingewalaumu sana waliokichagua. Ukilinganisha na vichaka, ilikuwa hatua kubwa.

Nani sasa ahakikishe kinatumika? Polisi wa Apia walikuwa wachache, na pulenu'u alikuwa mwanamume ambaye kwa adabu za pale hangeweza kuingia kwenye mambo ya jikoni na malezi ya mke wa mwenzake. Hapa ndipo lilipopatikana wazo bora kuliko yote katika habari hii nzima. Katikati ya miaka ya 1920 daktari mkuu wa serikali, Russell Ritchie, alianza kuunda kamati za wanawake kijiji kwa kijiji. Hakuziunda kutoka hewani. Kila kijiji kilikuwa na makundi mawili ya wanawake tangu zamani: wake za matai, wawe wakuu au wasemaji wa barazani, na aualuma, yaani mabinti wa kijiji. Kila mwanamke alijua cheo chake, na cheo hicho kilifuata kile cha matai wa nyumba yake. Kamati ilivaa vyeo hivyo kama nguo iliyokwishashonwa.

Utendaji wake ulikuwa rahisi. Siku ya ukaguzi pola zote zilipandishwa, na kila nyumba ilitandika mali yake hadharani: mikeka, mito, vyandarua, vikombe, taulo. Kina mama wenye vyeo walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu. Kilichokosekana kilitajwa mbele ya watu, na faini ikaingia kwenye mfuko wa kamati. Watoto wachanga waliletwa kupimwa uzito. Waliokuwa na buba walipelekwa kuchomwa sindano, na buba hupona haraka kwa sindano kiasi kwamba watu walizifuata wenyewe. Hapa nyumba isiyo na ukuta ilikuwa msaada, kwa kuwa hapakuwa na pa kuficha mkeka mchafu. Lakini aliyetazama alikuwa shangazi wa mtu, mwenye haki ya kutazama, na wiki ijayo nyumba yake mwenyewe ingetazamwa.

Serikali ingeishia hapo, huenda nisingekuwa na la kuandika zaidi. Msimamizi wa New Zealand wa wakati huo, Jenerali George Richardson, aliyefika 1923, alikuwa mtu wa ramani na gwaride. Alitaka kijiji chote kipangwe. Lepea, nje kidogo ya Apia, kilipangwa upya kuwa kijiji cha mfano, fale zikizunguka uwanja kwa utaratibu unaopendeza macho. Wakati huohuo alitaka ardhi ya ukoo igawiwe kwa mtu mmojammoja, akabana desturi ya kutoleana mikeka mizuri, akapunguza safari za kutembeleana kati ya vijiji, na akitumia sheria ya 1922 aliwafukuza watu vijijini mwao na kuwavua majina ya ukuu. Jina la ukuu kwa Msamoa ndilo linalompa ardhi na sauti barazani. Basi ufagio, choo, ramani na kuvuliwa jina vikawa vinatoka kwa mkono mmoja, na mwanakijiji hakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Mwaka 1927 ukaanza Mau, mgomo wa amani wa nchi nzima. Namna ya kugoma ilikuwa kuacha kila kilichoamriwa: kodi haikulipwa, magugu hayakung'olewa, wadudu hawakusakwa, na katika vijiji vya Mau kamati za wanawake zikasimama. Makao ya Mau yalikuwa Vaimoso, jirani na Lepea, na mmoja wa viongozi wake wakubwa alikuwa Faumuina, mkuu wa Lepea yenyewe. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi waliufyatulia risasi msafara wa Mau katikati ya Apia. Tupua Tamasese Lealofi III alijeruhiwa na kufa kesho yake. Wanaume walipokimbilia msituni mwaka uliofuata, wanawake waliushika mgomo wenyewe, wakiandamana na kukusanya michango. Waliongozwa na wake za wakuu, kwa ngazi zilezile za vyeo ambazo juzi tu zilikuwa zinahesabu vyandarua. Baada ya chama cha Labour kushinda New Zealand mwaka 1935 na kupatana na Mau, kamati zilirudi.

Limebaki moja kuhusu vyandarua. Msomaji wa Afrika Mashariki atadhani vilikuwa vya malaria, lakini Samoa haina malaria, kwani mbu wake hayupo. Vilihusu matende na mabusha, yaliyokuwa yamejaa visiwani. Mbu anayeeneza matende Samoa, aliyekuja kupewa jina la Aedes polynesiensis, huuma mchana, na hutaga kwenye kifuu chenye maji ya mvua, kwenye pango la mti, kwenye nazi iliyotobolewa na panya. Mtaalamu wa wadudu Patrick Buxton na mwenzake Hopkins waliwachunguza mbu hao Samoa kati ya 1924 na 1926. Chandarua kilikunjwa asubuhi, watu wakaenda shambani, na huko ndiko walikoumwa. Kazi ya kuzoa vifuu, ambayo watu waliiona ni sehemu ya adha ya kumsaka mdudu wa minazi, ilikuwa karibu zaidi na ugonjwa kuliko chandarua kilichotandikwa siku ya ukaguzi. Lakini mashamba ya minazi ni makubwa, na vifuu havina mwisho. Samoa ilipoanza katikati ya miaka ya 1960 kuwanywesha watu wake vidonge vya DEC nchi nzima, minyoo ya matende ilishuka sana kwenye damu, kisha ikarudi. Mwaka 2018 walikuwa bado wanagawa, safari hii dawa tatu kwa pamoja.