Mizani ya Skripti Itumayo Amri Mbali

Tangu mwaka 1995, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alipoibuni SSH baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake, na hasa tangu OpenSSH ilipotoka pamoja na OpenBSD 2.6 mwezi wa Desemba 1999, wasimamizi wa seva wamekuwa na njia ya kuaminika ya kuiamuru mashine wasiyoiona kwa macho. Njia ikiisha kuwa salama, dhima yote humwangukia mwandishi wa skripti: amezipanga vipi amri zake, nazo zitafanya nini siku mojawapo itakapokataa? Skripti mbovu na skripti njema huleta natija ile ile maadamu mambo ni shwari. Tofauti yao hudhihirika penye hitilafu, na huko ndiko apaswapo kutazama mwenye kupima ubora.

Atazame kwanza kama amri zote zinakwenda katika kikao kimoja. Asiye mzoefu huandika ssh upya kwa kila amri, na kila mara mashine yake na seva hulazimika kupatana juu ya siri zao na kuthibitishana tena. Hasara ya muda ni ndogo. Kubwa ni kwamba kila kikao huzaliwa bila kumbukumbu ya kilichotangulia, hata cd iliyoamriwa mstari wa kwanza haina athari yoyote kwa mstari wa pili. Wala chaguo la ssh liitwalo ControlMaster haliondoi dosari hiyo, kwa kuwa hushirikisha muunganisho tu, ilhali vikao hubaki mbalimbali. Kazi ya fundi aghalabu huwa na umbo hili:

ssh -o BatchMode=yes seva bash -s <<'MWISHO'
set -euo pipefail
kuu() {
  cd /srv/duka
  tar -xzf /tmp/toleo.tar.gz </dev/null
  systemctl restart duka
}
kuu
MWISHO

Katika umbo hilo, alama ndogo kabisa ndizo zenye uzito mkubwa. Neno MWISHO la juu limezungushiwa alama za kunukuu, na kwa sababu hiyo kila alama ya dola iliyomo husafiri kama ilivyo, ikafasiriwa huko iendako. Ziondolewe alama hizo, na $(hostname) itataja jina la mashine iliyo mezani pako, si la seva. Mwandishi anayeziondoa kwa makusudi, ili thamani ya hapa ipelekwe kule, ana haki yake. Asiyejua kwa nini ameziondoa hajaumiliki ustadi huu.

Kisha mtazamaji autafute mstari wa set. Bila -e, cd ikishindwa kwa kukosa folda, rm inayofuata haitangoja, bali itafuta vitu vya folda ya nyumbani, mahali kikao kilipoanzia. Bila -u, rm -rf "$folda"/* yenye jina lisilo na thamani hugeuka amri ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi. Bila pipefail, amri zilizounganishwa kwa mfereji huhukumiwa kwa ile ya mwisho pekee, na kosa la iliyotangulia husitirika.

Sehemu iliyo nyeti kuliko zote, ambayo hata mahiri huipita, ni mlango wa maingizo (stdin). bash -s huzisoma amri zake kupitia mlango ule ule ambao programu inayoendeshwa nayo huurithi. Programu hiyo ikiamua kusoma, huzimeza amri zilizobaki, na skripti huisha kimya kana kwamba imetimiza. Ndiyo hekima ya </dev/null, na ndiyo hekima kubwa zaidi ya kuzifunga amri zote ndani ya fungu lenye jina, kuu, linaloitwa mwishoni: bash haina budi kulisoma fungu zima hadi bano la kufunga kabla ya kutenda lolote lililomo, hata muunganisho ukikatika amri zikiwa bado njiani, hakuna nusu ya kazi itakayotendwa. Kadhalika, ssh yenye amri fupi ndani ya mzunguko wa while read huimeza orodha ya seva zilizosalia, ikazuru ya kwanza tu. Dawa yake ni -n.

Mwisho ni ushahidi. ssh hurudisha namba ya hatima ya kazi ya mbali, nayo hurudisha 255 pale ilipokosea yenyewe, kwa mfano ilipokosa kufika. Skripti adilifu huisoma namba hiyo papo hapo na kuitofautisha. BatchMode huizuia isisimame usiku kucha ikingoja nywila isiyo na wa kuiandika. Ukiona StrictHostKeyChecking=no, hadhari: mwandishi ameamua kumwamini yeyote ajibuye mlangoni.

Basi, kabla ya kuikubali skripti ya mtu, ipeleke kwenye seva ya majaribio, uingize false katikati ya amri zake, uiendeshe. Ikikoma hapo hapo na kurudisha namba isiyo sifuri, ipokee. Ikiendelea mbele na kutangaza mafanikio, irudishe kwa mwenyewe, hata ikiwa imeandikwa kwa unadhifu wa namna gani.