PDF au EPUB: silabusi ipi inasomeka?

Ndugu wanafunzi, huku Kamina wengi wetu tunasomea kwenye telefone, lakini silabusi za agronomia tunazotumiana ni PDF tu. Adobe ilitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile kila mahali. Njo pale shida inaanzia: ukurasa wa A4 kwenye kioo chenye upana wa sentimita 7 unakulazimisha kuvuta kushoto na kulia kila mstari. EPUB, iliyotoka 2007, inapanga maneno upya kufuata kioo. Ukikuza herufi, mistari inajipanga yenyewe.

PDF nayo iko na haki yake. Jedwali la mbolea kwa hekta likivurugika safu, mkulima atapewa kipimo cha zao lingine. Mbaya kuliko zote ni kurasa zilizopigwa foto na kufungwa ndani ya PDF: nzito, zinakula mega, na ukitafuta neno "muhogo" hupati kitu.

Basi tuwaombe walimu faili ya maandishi yenyewe: maelezo tuyaweke kwa EPUB, majedwali yabaki PDF. Silabusi tunailipia; tuko na haki ya kuisoma bila kuumiza macho.